Shahada na Ushahidi



Wasomaji wapenzi, wakati huu ambapo watoto wamemaliza mitihani na wazazi wanaulizana watawapeleka wapi, tumeombwa tueleze jinsi sisi ndugu watatu tulivyojifunza kutengeneza programu za simu kwa kozi ya mtandaoni. Walioomba walitaka kusikia mafanikio. Tumekubali kuandika kwa sharti kwamba tueleze na aibu yetu pia, kwa kuwa bila hiyo mafanikio yenyewe hayaelezeki.

Wengi wenu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mkisikia jina la Majengo huwaza Majengo ya kwenu. Yetu iko Nairobi, upande wa mashariki ya jiji, katika mtaa wa Pumwani, hatua chache kutoka soko la Gikomba. Serikali ya kikoloni iliutenga mtaa huu mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wajijengee nyumba, na Waislamu walikuwa wengi miongoni mwa waliojenga. Wakajenga kama walivyozoea: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja hapa kutoka Lamu kutafuta riziki, nasi tungali tunakaa vyumba viwili katika nyumba ya namna hiyo. Mama hukaanga mahamri alfajiri akayauza mlangoni, na kwa mahamri hayo tumesomeshwa hadi kidato cha nne. Huko ndiko uwezo wake ulikokoma.

Mwaka 2018 tulisikia habari iliyotufungua macho. Kampuni ya Google, ikishirikiana na Udacity na Andela, ilitangaza nafasi 15,000 za masomo ya miezi miwili na nyingine 500 za miezi sita kwa vijana wa Afrika wanaotaka kujifunza kutengeneza programu za Android na za mtandao. Hatukuwa miongoni mwa waliobahatika. Lakini tulifahamu jambo ambalo hatukulijua: kwamba ufundi huu unaweza kusomwa ukiwa umeketi kwenu, bila basi, bila sare na bila kuuza shamba. Baada ya muda tukapata kozi nyingine ya cheti, yenye ada nafuu. Fedha zilitosha mtu mmoja. Jina la mmoja wetu likaandikishwa, na wawili wakaketi kando yake kusikiliza.

Chombo chetu kilikuwa laptopu iliyokwishatumika, tuliyoinunua Gikomba. Programu ya Android Studio, ambayo ndiyo karakana ya fundi wa kazi hii, ilikuwa nzito kwake mno. Ina simu ya kuigiza ndani ya kompyuta ili fundi ajaribu kazi yake. Tulipoifungua, laptopu ilinguruma, ikapata moto, kisha ikaganda. Ikabidi tutumie simu ya kweli, na simu pekee ya nyumbani iliyofaa ilikuwa ya Mama. Ili simu ya Android ikubali kupokea kazi ya fundi, huna budi kuingia katika mipangilio yake na kugusa nambari ya toleo mara saba. Ukimaliza kugusa, simu hukutangazia kwamba sasa wewe ni mtengenezaji wa programu. Mama aliposomewa tangazo hilo alicheka akasema, "Basi ningalijua, ningaligusa zamani nikaacha mahamri."

Bando tulilinunua usiku lilipokuwa rahisi. Mchana, ndani kulipokuwa na joto na kelele, tulikwenda maktaba ya Kaloleni kutafuta meza na utulivu. Tulisoma lugha iitwayo Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi kwa kazi za Android mwaka 2017, na mwaka 2019 ikatangaza kuwa ndiyo itakayotangulizwa. Jina lake limetokana na kisiwa cha Kotlin, karibu na mji wa St Petersburg huko Urusi. Sisi wajukuu wa Lamu tulifurahi sana kujua kwamba tunasoma lugha iliyopewa jina la kisiwa. Tulijifunza kuchora ukurasa, kuweka kitufe, kukiamuru kifanye jambo kinapoguswa. Siku kitufe chetu cha kwanza kilipoitikia, tuliruka kama watoto waliopata Idi mara mbili.

Katikati ya kozi kulikuwa na somo moja gumu, juu ya uhai wa ukurasa. Linaeleza kwamba ukurasa wa programu huzaliwa, husitishwa na huondolewa, na kwamba mwenye simu anapoilaza ubavu, mara nyingi Android huuvunja ukurasa uliokuwa wima na kuujenga upya kwa upana. Lililokuwa limeandikwa na halijahifadhiwa laweza kupotea, ikiwa fundi hakuandaa mahali pa kuliweka. Tulilisikiliza somo hilo nusu. Bando liliisha, Ramadhani ilikuwa inakaribia, na maswali yake yalikuwa ya kuchagua jibu. Tukabahatisha, tukapita.

Kisha likaja zoezi la mwisho. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza programu yake mwenyewe na kutia alama mahali palipoandikwa kuwa kazi hii ni yake. Siku zilikuwa zimebaki nne na kazi yetu ilikuwa haijasimama. Mmoja wetu, na tumeahidiana kutosema ni nani, aliikuta mtandaoni programu ya kuandika orodha ya vitu vya sokoni. Mwenyewe aliiweka wazi kwa kila mtu, na juu kabisa aliandika kwamba ni ya mazoezi na haijakamilika. Ndugu yetu akabadilisha rangi, akabadilisha majina, akaileta mbele yetu. Wawili tulioitazama tulijua ilikotoka. Tukanyamaza. Alama ikatiwa, kazi ikapelekwa, na baada ya siku kadhaa cheti kikaja. Tulikichapisha Gikomba, tukakitia katika fremu, Mama akakitundika ukumbini ambapo kila anayeingia kununua mahamri hukiona.

Msikiti wetu una chama cha mazishi. Kila nyumba hutoa shilingi 200 kwa mwezi, Ijumaa ya kwanza baada ya swala, na mwanachama akifiwa chama hugharimia sanda, gari na uchimbaji wa kaburi katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Asiyelipa miezi miwili hufuliza hukosa haki hiyo mpaka alipe na angojee mwezi mmoja. Sharti ni kali, lakini lisingekuwapo, chama kisingedumu. Mweka hazina ni mzee tumwitaye Ami. Alikiona cheti ukumbini kwetu, akatuambia, "Wanangu, macho yangu yamechoka na daftari. Nitengenezeeni kitu katika simu."

Hatukuwa na kitu kingine cha kumtengenezea isipokuwa kile kile. Tukageuza orodha ya sokoni ikawa orodha ya majina. Ami angeandika majina ya watoaji mmoja mmoja, na mwisho angegusa kitufe cha kuhifadhi. Ukurasa ungejisafisha, na hiyo ndiyo ingekuwa dalili kwamba majina yamehifadhiwa. Tulimfunza hivyo kwa maneno yetu wenyewe: "Ami, ukiona ukurasa mweupe, jua kazi imekwisha." Tukamwambia pia kwamba daftari sasa lipumzike.

Mwezi wa tatu, mama mmoja mjane tumwitaye Khale alifiwa na kaka yake aliyekuwa akiishi naye. Alipokwenda chamani, Ami alifungua simu, na jina la Khale halikuwemo kwa miezi miwili. Khale akasema, "Nilitoa, tena kwa mkono wangu." Alitoa fedha taslimu, basi hapakuwa na ujumbe wa M-Pesa wa kumtolea ushahidi. Waliokuwapo hawakumtukana, walitazamana tu, na yeye akaona walivyotazamana. Alitoka pale akakopa kwa jirani, maiti ikazikwa kwa deni. Usiku wa matanga ya pili alimwambia Mama kwamba msiba wa kaka yake angeustahimili. Kilichomuumiza ni kuonekana mwongo, mbele ya watu aliokaa nao miaka 40, huku maiti ikingoja.

Mama akarudi nyumbani akatuketisha. "Khale hasemi uongo," akasema. "Itazameni simu yenu."

Tulikwenda kwa Ami tukamwomba aandike majina mbele yetu kama afanyavyo siku zote. Akaandika matano, sita, yakakaa vizuri. Alipofika kwenye jina refu aliilaza simu ubavu, maana ikilala herufi za kuandikia huwa pana, na macho yake huziona. Ukurasa ukavunjika ukajengwa upya. Majina sita hayakuwapo. Ukurasa ulikuwa mweupe. Ami akasema kwa utulivu, "Hapa basi nimekwisha hifadhi," akaendelea na jina la saba.

Hatukuweza kutazamana. Tukamuuliza kama kuna mwezi ambao fedha zilizidi orodha. Akasema naam, mwezi wa kwanza zilizidi kwa shilingi 3,400 na wa pili kwa shilingi 2,200. Alidhani ni sadaka ya watu wasiotaka kutajwa, akaziweka kando katika bahasha. Hesabu ilikuwa nyepesi: watoaji 17 na watoaji 11. Wote walifutwa na kosa ambalo lina somo lake, na somo hilo tulilipita kwa kubahatisha.

Usiku ule Mama hakutugombeza. Alikishusha cheti ukutani, akakiweka mkekani katikati yetu, akauliza, "Hiki kwa Kiswahili chaitwaje?" Tukasema cheti. "Na jina lake jingine?" Tukasema shahada. Akasema, "Shahada ni ushahidi. Wanangu, hiki chashuhudia nini?"

Tangu madrasa tulikuwa tumefunzwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi wima, akalirudia neno hilo hata masahaba wakatamani anyamaze. Tulikuwa tukilisoma hadithi hilo tukifikiria mahakama na makadhi. Hatukuwahi kufikiria alama ndogo inayotiwa katika kisanduku saa sita za usiku, wala karatasi iliyomo ndani ya fremu. Tena yule mwenye programu aliiweka wazi, na kuichukua halikuwa kosa. Aliandika kwa mkono wake kwamba haijakamilika. Yeye alisema kweli juu ya kazi yake, nasi tuliichukua kazi tukaiacha ile kweli.

Ijumaa iliyofuata tuliomba ruhusa ya kusema baada ya swala. Tulisimama wawili mbele ya wanaume, na dada yetu akasema upande wa wanawake saa ile ile. Tulieleza simu inavyofuta, tukaeleza kwamba kazi haikuwa yetu, tukamwomba Khale radhi kwa jina. Kamati ikatangaza kwamba waliotoa katika miezi ile miwili wajitokeze waandikwe upya. Wakajitokeza 17 na 11, sawasawa na ile bahasha, hapana aliyezidi wala aliyepungua, na hilo lilituliza watu kuliko maneno yetu. Khale akarudishiwa gharama za mazishi, deni lake likalipwa. Tulipokwenda kwake jioni kumpa mkono, alituita ndani, akatupa kahawa, akasema, "Nimewasameheni. Lakini daftari lirudi."

Daftari likarudi, na lipo hata leo.

Tuliwaandikia walimu wa kozi, tukawaambia kwamba kazi ya mwisho haikuwa yetu na kwamba cheti tulichopewa si haki yetu. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: cheti kimefutwa, mwanafunzi anaruhusiwa kuwasilisha kazi mpya. Mmoja wetu alikuwa ameomba kazi mahali fulani kwa cheti kile; alikwenda kuiondoa barua yake, na nafasi hiyo haikurudi. Hatusemi ili tuhurumiwe. Twasema ili ijulikane kwamba kweli ina bei, nayo hulipwa kwa fedha halisi.

Tulianza tena kutoka somo la kwanza, na mara hii mkononi tulikuwa na daftari la Khale, maana tulilipa jina hilo. Kila somo tulilimaliza kwa kumweleza Mama kwa Kiswahili kitupu. Neno lililotushinda kulieleza ndilo tulilokuwa hatujalielewa. Ilituchukua miezi minne. Programu mpya huhifadhi kila jina saa ile ile linapoandikwa, katika hazina iliyomo ndani ya simu. Haingoji kitufe cha mwisho. Ukiilaza, ukiisimamisha, ukipigiwa simu katikati, majina yapo. Mtoaji hupelekewa ujumbe mfupi wa kumthibitishia. Kabla ya kumpa Ami tuliigeuza simu ile mbele na nyuma hata Mama akauliza kama tumeifanya chapati.

Tulijifunza na jambo jingine tusilolitarajia. Orodha ya chama ina majina ya watu, nambari zao, na habari za aliyelipa na aliyeshindwa. Hiyo ni amana na ni sitara. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na dini yetu ilikuwa imekwisha kutufunza kabla ya sheria hiyo kwamba siri ya mtu haimwagwi. Basi tukatoa kila ruhusa ambayo programu haikuihitaji. Haiombi picha, haiombi mahali ulipo, haisomi nambari nyingine zilizomo katika simu ya Ami. Tumeiweka kwa mkono katika simu ya kamati. Bado hatujalipa zile dola 25 ambazo Google humtoza fundi mara moja ili afungue mlango katika duka lake la programu. Si haraka.

Tukitazama nyuma, twaona kwamba kazi nyingi za simu zilizopendwa na watu wa Kenya zimesimama juu ya ushahidi. M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007, humpa ujumbe aliyetuma na aliyepokea, na kwa jumbe hizo mbili mtu asiyejua benki alikubali kuweka riziki yake ndani ya simu. Mapema mwaka 2008, nchi ilipokuwa katika machafuko baada ya uchaguzi, vijana wa Kenya akiwemo Ory Okolloh na Juliana Rotich walishiriki kutengeneza programu ya kukusanya taarifa za wananchi juu ya ramani, wakaipa jina la Ushahidi. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, yahusu deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Tulikuwa tumeihifadhi aya hiyo kwa ulimi. Ami na simu yake ndio waliotufunza maana ya mwandishi mwadilifu.

Wazazi mnaouliza kama kozi hizi zafaa, jibu letu ni kwamba zafaa. Hazihitaji mtoto wa kike atoke nyumbani usiku, wala wa kiume ahame mji. Ila mkijaaliwa kumwandikisha mwana, msimwachie skrini peke yake. Mwambieni kila jioni awaeleze alichosoma, hata kama hamkufahamu neno. Macho yake yatawaambia kama yeye amefahamu. Akisema anahitaji siku zaidi, mpeni siku zaidi. Na akiwaletea cheti, kabla hamjakitundika, mwambieni aitengeneze kazi yake mbele yenu, kisha ichukueni simu muilaze ubavu.

Cheti kipya kilikuja mwaka uliofuata. Kina jina la mmoja wetu, kama ilivyokuwa, na wawili waliobaki hawadai kuwa ni chao, wanajua walichosoma. Mama hakukitia katika fremu. Amekiweka ndani ya daftari la chama, baina ya kurasa, na Khale anapokuja kutoa shilingi 200 zake hulifungua mwenyewe, akahakikisha jina lake limeandikwa, kisha huisoma na ile nyingine simuni.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi za kweli, na amrehemu kaka yake Khale na maiti wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.